Mama wa mboga na magazini kubwa

Mu Kolwezi na mu Likasi, mwisho wa mwezi tunaiona sisi wote. Mushahara inafika ku banki, baba anapita ku magazini kubwa, ile banaita supermarshe, anarudia na sashe zimejaa: kuku ya frigo, nyanya, vitunguu. Ku kona ya barabara, mama wa mboga angali amekaa na mafungu yake ya lengalenga na sombe. Kisha siku kumi, feza imeisha, njo tunakumbuka mama. Tunaenda kwake kuomba deni.

Tuseme kweli: magazini inapata feza yetu, mama anapata deni yetu.

Bazee banakumbuka posho. Wakati wa Union Minière, na kisha wakati wa Gécamines, kampuni njo ilikuwa inagawia familia unga, maharagi na mafuta. Ile ikaisha. Mu 2003, batumikaji zaidi ya 10.000 bakatoka mu Gécamines na malipo ya mwisho. Mu nyumba mingi, meza ya mama mbele ya mulango njo ililisha batoto.

Leo ile meza inaweza kushindana na magazini? Ku frigo, hapana. Lakini mboga ya mama imekatwa asubuhi, iko karibu, na mwenye feza kidogo anapata fungu moja. Ile nguvu inaomba kupangwa.

Kwanza, saa. Batumikaji ba mine banatoka ku kazi kwa zamu. Meza ikae pale basi ya kampuni inashusha bantu, saa ile banashuka. Bamama babili banaweza kupokezana.

Pili, telefone. Asubuhi, ujumbe mufupi wa WhatsApp kwa bateja: leo kuko samaki ya Nzilo, bei ni hii. Muteja analipa na M-Pesa ao Airtel Money, mutoto anapeleka ku nyumba.

Tatu, kununua pamoja. Bamama batano bakikodi gari moja kwenda kuchukua nyanya ku mashamba, kila mumoja analipa kidogo, na bei inaweza kushuka.

Ine, ukweli. Bei iandikwe ku karton. Nyanya nzuri juu na zenye kuoza chini, ile inafukuza muteja. Hatarudia.

Tano, daftari. Deni yote iandikwe, na iwe na mupaka. Mama mwenye kupana bila kuandika anafunga biashara yake yeye mwenyewe.

Hatusemi magazini ifungwe. Sukari, sabuni, maziwa ya unga, tununue kule. Lakini feza ya sombe inazunguka mu karitie: mama analipa shule, mwalimu ananunua makala, mwenye makala anarudia kwa mama.

Baba, siku ya mushahara, mbele ya kwenda ku magazini, simama kwanza ku kona. Lipa deni, na ubebe lengalenga ya magaribi.