Ontolojia ya Picha za Setilaiti katika Sayansi ya Taarifa za Kijiografia: Mfano wa Mikoko ya Delta ya Rufiji

Kabla ya kuuliza picha ya setilaiti inaonyesha nini, mtafiti hana budi kuuliza picha hiyo ni kitu gani. Hilo ni swali la ontolojia, yaani nadharia ya vitu vilivyopo na aina zake. Makala hii inatofautisha mambo matatu ambayo aghalabu huchanganywa: kipimo, umbo na dhana.

Kwanza, picha ni mkusanyiko wa vipimo. Katika bendi nyingi za Landsat 8, pikseli moja hubeba thamani ya mwanga ulioakisiwa kutoka eneo la mita 30 kwa 30. Ndani yake hamna mti wala shamba, na mpaka wake umewekwa na chombo, si na maumbile. Katika Delta ya Rufiji, ambako mashamba ya mpunga hupakana na mikoko, pikseli moja huweza kuchanganya vyote viwili ikatoa thamani isiyo ya kimojawapo. Aidha, maji yakijaa au yakipwa, kipimo hubadilika bila mti hata mmoja kukatwa.

Pili, mtafiti huunganisha pikseli zinazofanana na kupata umbo, yaani poligoni. Poligoni hiyo ni zao la vigezo alivyovichagua. Haikuwamo katika vipimo vyenyewe.

Tatu, umbo hupewa jina la dhana, kwa mfano “msitu”. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa huhesabu kuwa msitu ardhi inayozidi hekta 0.5, yenye miti inayozidi mita 5 kwa kimo na matawi yanayofunika zaidi ya asilimia 10, au miti inayoweza kufikia viwango hivyo. Uwezo wa kukua hauakisi mwanga. Hivyo, tope lililopandwa miche ya mikoko laweza kuwa msitu kwa fasili hiyo, ilhali pichani ni tope tu.

Tofauti hizi zina uzito. Pikseli za Landsat 1, iliyorushwa mwaka 1972, zilikuwa za takribani mita 80. Atakayelinganisha ramani yake na ya leo bila tahadhari huweza kudhani kuwa tofauti ya vyombo ni upotevu wa mikoko, na lawama ikamwangukia mkulima wa mpunga. Kwa hiyo, kila utafiti wa aina hii hauna budi kubainisha ulichopima, ulivyochora mipaka, na fasili iliyoipa mipaka hiyo jina.