Breki za Gari la Zamani: Kutu Isiyoonekana

Magari ya zamani yangali na wapenzi wengi jijini Nairobi. Peugeot 404, iliyoshinda mashindano ya Safari katika miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968, haijasahauliwa. Na maonyesho ya Africa Concours d'Elegance, yaliyoanza mwaka 1970, yamewaleta watazamaji wengi katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road, jirani na Kibera. Huko macho ya watu huvutwa na rangi ing'aayo. Lakini uhai wa dereva haumo katika rangi. Umo katika bomba jembamba la chuma lipitalo chini ya gari, likichukua mafuta ya breki.

Dereva akanyagapo breki, mafuta husukumwa toka silinda kuu mpaka magurudumuni. Katika magari mengi ya miaka ya 1950 na 1960, njia ya mafuta ni moja tu kwa magurudumu yote manne. Bomba likitoboka popote, breki zote huweza kupotea kwa pamoja. Tena bomba bovu huvumilia mguu mwepesi wa kila siku, kisha hupasuka siku dereva akanyagapo kwa nguvu zake zote, nayo ndiyo siku ya hatari.

Kutu huja kwa njia mbili. Kwa nje huletwa na matope yakaayo penye vishikizo vya bomba. Kwa ndani huletwa na mafuta yenyewe, kwa kuwa hunyonya unyevu wa hewa. Mafuta mapya ya DOT 4 hayachemki kabla ya digrii 230 za sentigredi, lakini yakiisha kunyonya maji huweza kuchemka karibu na digrii 155. Katika mteremko mrefu kama ule wa kushuka Mai Mahiu, breki zikishika moto, mafuta ya namna hiyo hugeuka mvuke na pedali huzama bila kushika.

Mafundi wa jua kali wa Kibera na Kawangware huijua hatari hiyo, lakini mwenye gari asiye na fedha huwasihi wakate kipande kibovu tu na kuunga, au watie bomba la shaba la friji. Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kwa bomba la breki, kuziba nako hakufai. Shaba tupu huchoka kwa mtikisiko ikapasuka. Lifaalo ni bomba zima jipya la chuma lililotengenezwa kwa breki, au la mchanganyiko wa shaba na nikeli, ambao hauli kutu upesi.

Kazi yenyewe yataka subira. Nati zilizoshikwa na kutu hulowekwa kwa mafuta ya kulegeza kabla ya kutiwa spana. Bomba la zamani lisitupwe, kwani ndilo kipimo cha urefu na mikunjo ya lile jipya. Nati hutiwa kwanza, ndipo mdomo wa bomba hutanuliwa kwa kifaa chake, ufanane sawasawa na ule wa zamani. Petroli na mafuta ya injini yasiguse mipira ya breki, maana huiharibu. Na mafuta ya breki yasidondokee rangi, maana huibabua.

Mwishowe hewa hutolewa, kwa kawaida kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu, kwa mafuta ya kopo lililofunguliwa siku hiyo. Kisha mtu mmoja akanyage pedali kwa nguvu na kuishikilia, huku mwenzake akichungulia kila kiungo. Pasipoonekana hata tone moja, gari lijaribiwe polepole mahali tambarare.

Mwenye gari naye abadilishe mafuta hayo kila baada ya miaka miwili, na asione haya kuinama matopeni kutazama chini. Gari lisilosimama, hata likiwa zuri namna gani, halifai kutoka uani.