Land Rover Ikishuka Mlima, Betri Inajaa

Msomaji mmoja wa Nyakato, Mwanza, ana Land Rover 109 aliyoachiwa na baba yake. Imelala uani miaka mingi. Injini ya dizeli imeshikana, bodi bado nzima. Anauliza: inawezekana kuing'oa injini ile na kuweka mota ya umeme, gari libebe magunia kutoka Magu na Kisesa, lipande milima ya Mwanza na kushuka salama?

Inawezekana. Tena Afrika Mashariki kazi hii imeshafanywa. Mwaka 2018 kampuni ya utalii ya Mount Kilimanjaro Safari Club ilianza kuwatembeza wageni mbugani kwa gari la umeme hapa Tanzania, na pale Arusha karakana ya Hanspaul ikashirikiana na Wafaransa wa Carwatt kuyageuza magari ya dizeli ya safari. Nairobi kuna Opibus, iliyoanzishwa mwaka 2017 na sasa inaitwa Roam, ambayo ilianza kwa kuzitoa injini Land Cruiser na Land Rover na kuzipa mota. Magari hayo mengi yaliwalenga watalii, kwa sababu mtalii hulipia utulivu wa gari lisilomshtua simba. Msomaji wangu ana magunia, na swali la magunia ndilo linalonivutia zaidi.

Oktoba 2024 Arusha ilijaa Land Rover kutoka kila upande wa nchi, zimekuja kwenye tamasha lake. Waliotazama picha waliona urembo wa zamani. Mimi niliona gari ambazo bado ziko kazini: mkoani Arusha kuna vijiji vya wafugaji ambako Land Rover kuukuu ndiyo basi, ndiyo lori, ndiyo gari la wagonjwa. Bodi yake ni ya aluminiamu, kwa kuwa gari hili lilizaliwa mwaka 1948, wakati chuma kilikuwa cha mgawo Uingereza baada ya vita, na aluminiamu haishiki kutu kama chuma. Kinachooza ni chasisi. Kinachochoka ni injini. Injini inatoka hata hivyo.

Watengenezaji wa Land Rover wenyewe walilijaribu jambo hili. Mwaka 2013, kwenye maonyesho ya magari ya Geneva, walileta Land Rover aina ya Defender za umeme zilizotengenezwa saba tu. Mota ilikuwa ya kilowati 70, betri ya uniti 27 za umeme, mwendo wa kilomita 80 kwa chaji moja. Moja ilipelekwa kusini magharibi mwa Uingereza, ikavuta msafara wa mabehewa ya wageni wenye uzito wa tani 12 kwenye mwinuko. Linganisha na dizeli ya lita 2.25 iliyomo ndani ya 109 nyingi: nguvu ya farasi 62, na msokoto wa nyutoni-mita 140 unaopatikana tu injini ikishapata kasi. Mota ile ilitoa 330, tena tangu gurudumu likiwa limesimama. Ndiyo sababu gari la umeme halihitaji kuungurumishwa kabla ya kupanda mlima wa mawe.

Lakini kupanda si ajabu. Ajabu iko kwenye kushuka, na ili kuieleza nitaanzia kwenye mashine ya kusaga.

Nenda kwenye mashine yoyote ya kusaga inayotumia umeme wa fezi tatu pale Nyakato, uangalie kibati kilichopigiliwa kwenye mota. Mara nyingi utakuta pameandikwa 1,440 au 1,450, yaani mizunguko kwa dakika. Sasa piga hesabu. Umeme wa TANESCO huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Katika mota yenye ncha nne za sumaku, mageuko hayo huzaa mizunguko 1,500 kwa dakika, kamili, bila kupungua hata mmoja. Mota inazunguka 1,440. Mizunguko 60 iko wapi?

Ndani ya ganda la mota kuna koili za shaba zilizosukwa kwa mpango, fezi ya kwanza, ya pili, ya tatu, zikifuatana kwa duara. Umeme unapopanda na kushuka katika kila fezi kwa zamu yake, nguvu ya sumaku inahama kutoka koili hadi koili. Koili hazisogei, ganda halisogei, ila sumaku inazunguka. Uga wa sumaku unaozunguka peke yake ndani ya chuma kilichotulia: nimelijua jambo hili miaka mingi na bado hunisisimua. Wahandisi waliliweka sawa miaka ya 1880, Galileo Ferraris kule Italia na Nikola Tesla kule Marekani, kila mmoja kwa njia yake.

Katikati kuna rota, kizimba cha fito za aluminiamu au shaba. Rota haina waya unaoiunganisha na kitu chochote. Hupata umeme wake kwa kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831: uga wa sumaku unapokipita chuma, umeme huamka ndani ya chuma hicho. Neno lenye uzito hapo ni kupita. Kama rota ingezunguka 1,500 sawasawa na uga, uga usingeipita, umeme usingeamka, nguvu isingekuwepo. Rota lazima ichelewe. Ikichelewa kidogo inavutwa kidogo, na unga ukiwa mwingi kwenye kinu inachelewa zaidi na kuvutwa zaidi.

Kuchelewa huku kunahitaji jina zuri kwa Kiswahili. Nimesikia watu wakijaribu utelezi. Siafiki, kwa kuwa hakuna kinachoteleza: rota na koili hazigusani kabisa, kati yake kuna hewa. Napendekeza mchelewo, neno lenye umbo la mwendo na mchezo. Na kwa hali ya kinyume, rota inapoutangulia uga, mtangulio. Maneno mawili haya yakishakaa kichwani, fumbo la breki limekwisha.

Mfikirie mfugaji anayemwongoza ng'ombe kwa kamba kwenda mnadani. Mfugaji ndiye uga, ng'ombe ndiye rota. Njia ikipanda, mfugaji anatangulia, ng'ombe anabaki nyuma hatua mbili, kamba inakazika. Anayetumia nguvu ni mfugaji. Ng'ombe akiongeza mwendo hadi wakaenda bega kwa bega, kamba inalegea na hakuna amvutaye mwenzake. Wakifika kileleni na njia kuanza kushuka, ng'ombe mzito anakimbilia chini. Anampita mfugaji. Kamba inakazika tena, ila sasa upande wa pili, na anayevutwa ni mfugaji. Kamba ni ile ile, fundo ni lile lile, kilichobadilika ni nani katangulia. Mfugaji mwenye akili hapambani na ng'ombe kwa kusimama ghafla, maana ataburutwa au kamba itamponyoka mkononi. Anapunguza mwendo kidogo tu, hatua moja nyuma ya ng'ombe, na mnyama anapunguza pia kwa sababu anabeba uzito wa mtu kwenye shingo. Anaendelea hivyo, hatua baada ya hatua, mpaka bondeni. Na mfugaji asiposhika kamba, hakuna kitu kinachomzuia ng'ombe.

Kwenye gari, anayeamua mwendo wa mfugaji ni inveta, kisanduku kinachochukua umeme wa betri na kuukatakata uwe fezi tatu za kasi yoyote unayotaka. Kwenye mashine ya kusaga kasi ya uga imefungwa na TANESCO. Kwenye gari imefungwa na mguu wako. Tuseme unashuka na rota inazunguka 1,450. Unainua mguu. Inveta inashusha umeme kutoka mageuko 50 hadi 47 kwa sekunde, uga unakuwa 1,410, na rota ghafla iko mbele. Mtangulio. Fito za rota sasa zinaukata uga kwa upande wa kinyume, umeme ndani yake unageuka, nguvu inageuka, gari linazuiwa. Na ile nishati ya uzito wa gari na magunia, iliyokuwa iende bure, inapita kwenye koili zile zile, inarudi kupitia inveta ile ile, inaingia kwenye betri. Mota imekuwa jenereta bila kubadilishwa hata skrubu moja. Wala swichi hakuna. Hii ndiyo breki rejeshi.

Inarudisha kiasi gani? Gari na mzigo tuseme kilo 2,500, mlima wa mita 100 kutoka juu hadi chini. Nishati iliyomo kwenye mteremko huo ni karibu uniti 0.7. Matairi, gia na waya vitakula sehemu yake, na uniti 0.4 ikifika betrini ni mavuno mazuri. Kwa ulaji wa ile Defender ya mwaka 2013 hiyo ni kilomita moja na kidogo. Ukiwa na pupa utasema ni haba. Lakini geuza hesabu uitazame kutoka upande wa breki. Sehemu kubwa ya uniti 0.7 hizo, isipokwenda betrini, inaishia kwenye ngoma za breki kama joto, na uniti 0.7 zinatosha kuchemsha zaidi ya lita saba za maji ya ziwa. Land Rover za zamani zina breki za ngoma magurudumu yote manne. Ngoma ikipata moto inatanuka, inajitenga na viatu vya breki, na mguu unazama. Dereva yeyote aliyewahi kushuka mlima akiwa na mzigo anajua hofu ya pedali inayozama. Mota inamwondolea sehemu kubwa ya hofu hiyo, na kwangu mimi faida hii inapita kilomita moja ya umeme wa bure na inapita hata moshi unaopungua barabarani.

Kwa hiyo namwambia msomaji wangu asidhani ujuzi huu uko Ulaya peke yake. Nyakato kuna mafundi wa kusuka mota. Wanazifungua mota za mashine za kusaga na za pampu zilizoungua, wanahesabu mizunguko ya waya, wanasuka upya fezi tatu kwa mkono, na mota inarudi kazini. Watu hao wanaujua uga unaozunguka kwa vidole vyao. Nyakato hiyo hiyo ina VETA na eneo la viwanda vidogo la SIDO, penye mashine za kukereza vyuma, na kazi ngumu ya kiufundi katika kugeuza 109 ni ya ukerezaji: sahani nene ya kuunganisha mota na giaboksi, na kiungo cha kushika shafti mbili zikae mstari mmoja. Mstari ukipinda kwa unene wa karatasi, beringi zinakufa mapema. Giaboksi inabaki, gia nzito inabaki, propela na difu zinabaki. Klachi wengi huitoa.

Mota na betri zinaweza kupatikana kwenye Nissan Leaf zilizopata ajali, aina iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa 2010, ya kwanza ikiwa na betri ya uniti 24 yenye uzito karibu kilo 300. Mota yake ina sumaku za kudumu kwenye rota, haina mchelewo, kamba yake ni kama fimbo, ila habari ya nani amemtangulia nani inabaki vilevile. Betri kuukuu ipimwe kabla ya kununuliwa. Volti zake zinaua, zisiguswe na mtu asiyefundishwa.

Gharama ya mwendo ataikokotoa mwenyewe. Kilomita 80 za Land Rover ya umeme ni uniti 27, na uniti ya kawaida ya LUKU pamoja na kodi ni takriban shilingi 350. Kilomita 80 za 109 ya dizeli ni lita kumi au zaidi, kwa bei ambayo EWURA huitangaza kila mwezi. Umeme wenyewe una historia yake mtaani: Nyakato penyewe pana kituo cha TANESCO cha megawati zipatazo 60 kinachotumia mafuta mazito. Tangu Februari 2024, mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulipowashwa, maji ya Rufiji yamechukua sehemu kubwa ya mzigo katika gridi.

Kutoka Mwanza hadi Magu ni kilomita 60 hivi, kwa hiyo kwenda na kurudi kunataka betri kubwa kuliko ya mwaka 2013, au tundu la kuchaji Magu wakati magunia yanapakiwa. Kisesa haina shida hiyo.

Kabla ya kununua hata waya mmoja, akagongeshe chasisi kwa nyundo kutoka mbele hadi nyuma. Penye sauti ya kufifia pana kutu, na hapo pachomelewe kwanza, kwa sababu betri itaning'inia hapo. Breki za ngoma zifufuliwe zote, viatu vipya, mabomba mapya. Betri ikiwa imejaa pomoni haina pa kuweka umeme wa mteremko, na mwendo ukishapungua kufikia wa mtu anayetembea, mota haizuii tena kwa kiasi cha maana. Mita za mwisho ni za ngoma. Breki ya mkono ya 109 haishiki magurudumu. Inashika shafti inayotoka nyuma ya giaboksi ya pili, ile ya gia nzito, kwenda kwenye difu ya nyuma. Kwa kuwa giaboksi hiyo haiondolewi, breki hiyo nayo isiondolewe. Gari lisilo na injini halina mgandamizo wa kulishikilia kwenye gia likiegeshwa mlimani, kwa hiyo avute mkono kila mara, na aweke jiwe chini ya gurudumu. Mawe Mwanza hayakosekani.