Kabla ya Kamera, Hesabu Mwezi

Mwezi unapokuwa mpevu, na vilevile unapokuwa gizani, bahari ya Dar es Salaam hujaa karibu saa kumi alfajiri na kupwa kabisa karibu saa nne asubuhi. Mvuvi wa Kunduchi anayajua hayo tangu utotoni. Mpiga picha za ndege aghalabu hayajui, ndiyo maana anafika ufukweni jua likichomoza, lenzi yake nzito begani, na kuona maji yanamkimbia huku ndege wakiyafuata, mpaka wanakuwa vidoadoa asivyoweza kuvitambua. Hakuchelewa kuamka. Alikosea siku.

Ndege hao ni wa pwani: vitwitwi, sululu na jamaa zao wanaochokoa minyoo na kaa kwenye tope. Saa zao za kula zinapangwa na bahari kuliko jua. Maji yakipwa hutawanyika mbali. Yakijaa, chakula kinafunikwa, nao hukusanyika mahali pa wazi kupumzika hadi tope lionekane tena. Kwa upande wa Kinondoni, mashamba ya chumvi ya Kunduchi yanawafaa sana, kwa kuwa maji yake ni ya kina kifupi na adui huonekana angali mbali.

Kwa hiyo asubuhi ya kuwinda picha ni ile ambayo bahari imejaa jua linapotoka. Maji huchelewa kwa takribani dakika 50 kila siku. Hesabu siku tatu toka mwezi mpevu, na ile saa kumi inakuwa saa kumi na mbili na nusu. Anayefuata mwezi mwandamo atazamie tarehe 17 na 18, kisha tarehe 2 na 3. Bamvua bado lina nguvu ya kuwasukuma ndege nchi kavu, nawe una kama saa mbili za mwanga laini kabla hawajarudi kwenye tope. Siku chache mbele, maji mafu yakiingia, bahari hainyanyuki vya kutosha kuwabana. Jedwali la maji la bandari litakupa dakika zenyewe, na wavuvi wa Mtongani watakupa makadirio yasiyo mbali nalo.

Kuna tatizo la pili, nalo ni jua. Pwani yetu inatazama mashariki, hivyo anayeelekeza kamera baharini asubuhi anapiga picha dhidi ya mwanga na kuambulia vivuli vyeusi. Ipe bahari mgongo. Ukisimama upande wa mashariki wa mashamba ya chumvi na kutazama magharibi, jua linakuwa nyuma yako na kila unyoya unaonekana. Omba ruhusa kwanza, maana mashamba yana wenyewe na watu wako kazini. Tena Kunduchi kuna maeneo ya jeshi, na huko kamera hainyanyuliwi kabisa. Ikifika saa tatu, joto linalopanda kutoka ardhini litafanya picha za mbali zitetemeke hata kwa lenzi bora kuliko zote. Hapo funga mkoba.

Miongoni mwa ndege hao wa pwani, kitwitwi mdogo mwenye mdomo uliopinda kidogo kuelekea chini, ambaye wanasayansi humwita Calidris ferruginea, ana uzito wa gramu 60 hivi. Huzaliana kaskazini kabisa mwa Siberia, karibu kilomita 10,000 kutoka hapa, na huanza kutufikia mwezi wa Agosti. Mwezi wa Aprili, kabla ya kuondoka, kifua chake cha kijivu na cheupe hugeuka rangi ya matofali. Mkubwa kuliko huyo ni ndege mla kaa, Dromas ardeola, mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene kama nyundo. Hutaga yai moja ndani ya shimo alilochimba mchangani, huko Oman, Iran na pwani nyingine za kandokando ya Uarabuni, ambako joto la mchanga humsaidia kuatamia. Kisha huja kwetu na kinda wake, na huendelea kumlisha akiwa huku. Ukimpiga picha, pima mwanga kwa ule weupe wake, kwa sababu weupe ukishaungua haurudi.

Ninalolisisitiza kuliko yote ni mwendo wako. Kati ya Februari na Aprili ndege hawa wanajaza mafuta ya safari, na kila wanaporushwa wanayatumia bure. Ndege akiacha kula na kuinua kichwa, simama. Akianza kutembea kwenda mbali nawe, rudi nyuma. Kuwakimbilia ili upate picha ya kundi likiruka ni ukatili, hata kama picha hiyo itasifiwa sana.

Zile asubuhi za mwezi mpevu wenyewe, zisizofaa Kunduchi, zipeleke Temeke. Mto Kizinga unapoingia baharini pale Mtoni, maji yanayopwa huacha wazi mizizi ya mikoko, kaa wanatoka, na mdiria wa mikoko anashuka kuwawinda. Mtazame mdomo. Wake ni mwekundu wote, juu na chini. Mdiria wa msituni anayefanana naye ana sehemu ya chini nyeusi. Hapo kaa tu kimya, yeye atakuja kwenye tawi lake.

Viota, hata cha chozi kwenye ua wa nyumba yako Mbagala, viache. Kunguru wa India, aliyeletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili ale taka, sasa amejaa jijini, na yule kunguru wetu mwenye kifua cheupe amekuwa adimu. Kunguru wa India hula mayai na makinda. Ukisimama karibu na kiota, mzazi hupiga kelele, na kelele hizo humwelekeza kunguru mahali pa kutafuta.

Picha zako zina kazi nje ya simu yako. Mradi wa atlasi ya ndege wa Tanzania, ulioanzishwa na Neil na Liz Baker miaka ya 1980, umejengwa kwa kumbukumbu za watu walioandika ndege gani, wapi na lini. Tovuti ya eBird ya Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani hupokea na picha pia. Baadhi ya ndege wa pwani wamevishwa miguuni pete au vibendera vya plastiki vyenye herufi, na herufi hizo zikisomeka pichani, watafiti wanaweza kujua ndege huyo alivishwa wapi na mwaka gani. Hivyo, ukilifikia kundi, picha ya kwanza ipige pana, miguu yote ionekane, ndipo umchague mmoja wa kumkaribia.