Furaha ya Kuwalea Watoto Wadogo

Somo: Marko 10:13–16

Leo twataka kuzungumza nanyi mnaokaa na watoto wadogo: akina mama na akina baba, nyanya na babu, walimu wa nasari, walimu wa shule ya Jumapili, na kila yaya anayewalea watoto wa wenziwe. Furaha ya kazi hii hutoka wapi? Na kwa nini wengi wetu huikosa?

Tuanze na kosa letu wenyewe. Tulipotoka chuo cha theolojia tulipelekwa katika parishi moja ya milimani huko Taita. Vitabu tulikuwa navyo, na mahubiri yenye vichwa vitatu tulikuwa nayo. Kelele za watoto zilitukera. Basi tukaamuru shule ya Jumapili ifanyike nje, chini ya mparachichi, mbali na madirisha ya kanisa, ili tupate kuhubiri kwa utulivu. Watoto walikuwa zaidi ya 40. Mwalimu alikuwa mmoja, mama wa makamo, mkulima.

Siku moja baada ya ibada mama yule alikuja, akaweka rejista ya watoto mezani. Akasema, "Mchungaji, nimerudisha kitabu. Nimechoka."

Tulimjibu upesi kwamba watoto huchosha kweli, hata sisi twajua.

"Watoto hawajanichosha," akasema. "Nimechoka kuwa peke yangu. Njoo ukae nasi Jumapili moja tu, kisha nitakuachia kitabu chako."

Tulikwenda. Tukasimama mbele ya watoto, tukaanza kuhubiri. Dakika 5 hazijaisha, wote walikuwa wakimtazama mjusi juu ya mti. Mmoja alilala. Mwingine akauliza kwa nini shati letu halina vifungo mbele. Ndipo mama akaketi chini kwenye nyasi, akatoa kopo kuukuu lenye udongo, akampa kila mtoto punje moja ya haragwe aishike na kuitazama. Wakapanda chache, wakamwagia maji. Akawaambia kwamba sisi twapanda, lakini Mungu ndiye aoteshaye. Hakuongeza neno. Wakaimba na kucheza.

Jumapili ya pili tulirudi, maana tulitaka kuona. Palikuwa na mtoto wa miaka minne hivi ambaye, tangu kufiwa na mama yake, hakuwa amesema neno mbele za watu. Alichungulia ndani ya kopo, akapaza sauti, "Imeamka!" Watoto wote wakalikimbilia kopo. Mwalimu wao akajifuta macho kwa ncha ya leso. Nasi tuliokuwa tumehubiri mara nyingi juu ya ufufuo, tulisimama pale bila la kusema.

Tangu siku ile tumejifunza mambo matatu.

La kwanza, tushuke. Marko atuambia kwamba wanafunzi waliwakemea walioleta watoto, naye Yesu akachukizwa. Alichukizwa na wakubwa waliozuia njia, si na watoto. Tena hakuwabariki kwa mbali. Aliwakumbatia, akaweka mikono juu yao. Mtoto mdogo hujifunza kwa kushika, kuonja, kuiga na kucheza, kabla ya kujifunza kwa maelezo. Ukisimama juu yake kama mlingoti utaona vichwa tu. Ukiketi chini utaona nyuso. Akikuletea jani, nawe ukalitazama na kumjibu, apata maneno mapya. Na zaidi ya hayo, ajua kwamba yeye ni mtu wa kusikilizwa. Furaha ya mlezi yaanzia hapo, katika kumtazama mtoto huyu mmoja aliye mbele yake. Asiyetazama hataiona, hata akae na watoto miaka 20.

La pili, tungoje. Mtoto akitaka hadithi ile ile kila jioni, hakusumbui bure. Anarudia kama watu wanaokanyaga majani mpaka njia ifunguke. Kumbukeni mtoto Samweli: aliamka na kumwendea Eli mara tatu kabla mzee hajafahamu kwamba ni Bwana anayeita. Hata wakubwa huchelewa kufahamu! Na katika Hosea sura ya 11 Mungu ajifananisha na mzazi amfundishaye mtoto kutembea kwa kumshika mikono. Amfundishaye mtoto kutembea hafuati mwendo wake mwenyewe, hufuata mwendo wa mtoto.

Katika Marko 4, mkulima hupanda, hulala, huamka, na mbegu yaota asivyojua. Anayeifukua kila asubuhi kuangalia kama imeota, ataiua. Tumlinganishapo mtoto na wa jirani, au kumwaibisha mbele ya wenzake kwa kuwa amesahau, twaifukua mbegu.

Kulikuwa na Mjerumani mmoja, Friedrich Froebel, aliyelifahamu jambo hili. Mwaka 1837 alifungua shule ya watoto wadogo katika mji wa Blankenburg, na mwaka 1840 akaipa jina lenye maana ya bustani ya watoto. Kwake mtoto alikuwa kama mche, na mwalimu kama mtunza bustani. Michezo, nyimbo na kazi za mikono ndizo zilizokuwa masomo. Lakini sikilizeni jambo linalotuchoma sisi wachungaji. Mama yake Froebel alikufa kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kilutheri, mwenye shughuli nyingi za parishi, naye mtoto akakua bila kuangaliwa vema. Je, ndugu watumishi, watoto wetu watatukumbuka vipi?

La tatu, tusimwache mlezi peke yake. Robert Raikes, mchapishaji wa gazeti mjini Gloucester, Uingereza, alipoanzisha shule ya Jumapili mwaka 1780 kwa watoto maskini, wengi wao wafanyakazi wa juma zima, aliwalipa walimu wake. Hakudhani kwamba upendo wao ni sababu ya kuwasahau. Hapa Kenya, Katiba ya mwaka 2010 iliweka elimu ya chekechea mikononi mwa kaunti. Lakini ndani ya ushirika wetu wajibu ni wetu sote. Mtoto abatizwapo, sisi tuliopo kanisani tumempokea. Hatukumpokea ili tumkabidhi mama mmoja chini ya mti.

Labda wewe unayesikiliza huna furaha yoyote leo. Umekesha na mtoto mwenye homa, au una darasa la watoto 60 na chaki moja. Usidhani umetenda dhambi kwa kuchoka. Furaha hii haiji kila siku. Huja kama haragwe lile, baada ya siku nyingi za udongo mtupu. Lakini mwambie mtu kwamba umechoka, kama alivyotuambia mama yule. Nanyi mnaoambiwa, msijibu upesi kama tulivyojibu sisi.

Mwisho wake ulikuwa hivi. Baraza la kanisa lilikutana. Akina mama wawili na kijana mmoja wakajitolea kufundisha kwa zamu. Mzee wa kanisa aliye seremala akatengeneza viti vifupi. Watoto wakarudishwa ndani mwanzoni mwa ibada, na kelele zikarudi pamoja nao. Mahubiri yetu yakawa mafupi, wala hatukusikia mtu akilalamika. Rejista haikubaki mezani petu. Mama aliichukua mwenyewe, akaenda nayo.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyewapokea watoto mikononi mwako, utusamehe tulivyowazuia. Uwatie nguvu wote wanaowalea, hasa waliochoka na walio peke yao. Utupe macho ya kuona na moyo wa kungoja. Amina.