Mgeni apewapo jembe: Funzo kutoka majikoni na ngomani Meksiko

Wahenga wetu walinena kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii tumeifundisha shuleni miaka nenda miaka rudi. Tumeitungia insha, tukaieleza maana ya juu na maana ya ndani, kisha tukaiacha papo hapo katika kurasa za madaftari. Maana tunapowapokea wageni wanaokuja na fedha za kigeni, jembe hatuwapi asilani. Tunawapa kiti, kinywaji baridi na kikundi cha kuwatumbuiza.

Meksiko nako wageni humiminika kama kwetu, tena kwa wingi kutuzidi. Hata hivyo, katika nchi hiyo imestawi desturi ambayo nadhani inafaa kutafakariwa na kila mwalimu na kila mwanafunzi. Huko msafiri hulipa ili afanye kazi. Huvikwa aproni, akapewa kisu na jiwe la kusagia, akatokwa na jasho mbele ya moto. Asubuhi yuko jikoni, na jioni yuko juu ya ubao akifunzwa kupiga visigino kwa kufuata mwendo wa gitaa. Je, huu ni mchezo tu wa watu wenye nafasi na fedha za kuchezea, au ni shule?

Tuanze na jiko. Katika mji wa Oaxaca, kusini mwa Meksiko, darasa la mapishi mara nyingi halianzii jikoni bali sokoni. Mwalimu huwaongoza wanafunzi wake miongoni mwa mafungu ya pilipili kavu, akawataka wazinuse na kuzipapasa: hii ni ancho, hii ni guajillo, ile ni pasilla, na ile nyeusi adimu ni chilhuacle. Mgeni aliyedhani kwamba kazi ya pilipili ni kuwasha ulimi tu hushangaa kuambiwa kuwa moja ina ladha ya tunda lililokaushwa na nyingine ina harufu ya moshi. Kabla hajashika chungu, tayari amejifunza msamiati.

Baada ya soko huja mchuzi uitwao mole. Oaxaca husifika kwa aina saba za mole, na ule mweusi ndio mgumu kuliko zote. Pilipili hukaushwa juu ya kikaango bapa cha udongo mpaka zikaribie kuwa makaa, kisha husagwa pamoja na ufuta, karanga, nyanya, vitunguu, karafuu, mdalasini na chokoleti. Ni kazi ya saa nyingi, wala haina njia ya mkato. Naam, ndugu msomaji, umesikia vyema: karafuu, mdalasini na ufuta. Viungo hivyo vilivuka bahari kutoka upande wetu wa dunia vikafika huko pamoja na Wahispania, ilhali mahindi, nyanya, pilipili na kakao vilitoka kwao vikaja kwetu. Kapu la mama wa soko la Kongowea na kapu la mama wa Oaxaca yamekuwa yakiazimana kwa karne kadhaa pasi na wenyewe kujuana.

Hata hivyo, somo kubwa kuliko yote katika jiko hilo ni lile la mahindi. Mmea huu, ambao sisi tumeufanya roho yetu hata mtu akikosa ugali husema hajala, ulitoholewa na wakulima wa Meksiko kutokana na nyasi za mwituni yapata miaka 9,000 iliyopita. Wenyeji hao hawakuishia katika kuupanda. Waligundua kwamba punje zikichemshwa kwa maji yenye chokaa, zikaachwa humo usiku kucha, maganda huchubuka, na unga wake hukandika ukawa mkate mwembamba uitwao tortilla. Mahindi yaliyotayarishwa hivyo huitwa nixtamal, neno la lugha ya Nahuatl lenye asili ya jivu, kwani jivu nalo hutumika badala ya chokaa.

Siri ya chokaa hiyo si maganda pekee. Mahindi yana vitamini iitwayo niasini, lakini imefungamana kwa namna ambayo mwili wa binadamu hauwezi kuipata vyema. Chokaa huifungua. Wazungu walipoyachukua mahindi kutoka Marekani ya Kati, walichukua punje wakaacha maarifa. Matokeo yake yakawa maradhi ya pelagra, yanayobambua ngozi, kuharisha na kuvuruga akili, ambayo yaliwatesa maskini wa Uhispania na Italia waliokula mahindi matupu. Mwanzoni mwa karne ya 20 yaliua maelfu ya watu kusini mwa Marekani. Wala balaa hilo halikukoma huko. Mnamo mwaka wa 1990, zaidi ya wakimbizi 18,000 wa Msumbiji waliokuwa nchini Malawi walipatwa na pelagra baada ya karanga kukatika katika posho yao, wakabaki na mahindi. Hii ndiyo bei ya kuuchukua mmea na kumwacha mwalimu wake.

Sasa mtazame msafiri huyo aliyeinamia jiwe la kusagia, mikono imemuuma na tortilla yake imetoka na pembe nne. Waama, siku moja haimfanyi kuwa mpishi. Lakini anapoosha punje za nixtamal na kuyaona maganda yakielea, amegusa kwa vidole vyake ugunduzi ambao wataalamu wa Ulaya na Marekani walichelewa mno kuuelewa. Hatamdharau tena mama asiyekuwa na shahada. Mwaka wa 2010, Shirika la UNESCO liliyatia mapishi ya asili ya Meksiko katika orodha ya urithi wa binadamu usioshikika, na lilichoenziwa si chakula sahanini pekee, bali mfumo mzima wa kilimo, mila na ujuzi wa jamii. Urithi wa aina hiyo hauwekwi kabatini. Huhifadhiwa na mikono inayoupokeza kwa mikono mingine.

Tukigeukia ngoma, hadithi ni ile ile. Baada ya Mapinduzi yaliyoanza mwaka wa 1910, serikali ya Meksiko iliikuza ngoma ya jarabe tapatío ya jimbo la Jalisco kuwa ngoma ya taifa, na watoto wakafundishwa shuleni. Mwaka wa 1952 Amalia Hernández aliasisi kundi la Ballet Folklórico de México, lililozipeleka ngoma za majimbo kwenye majukwaa makubwa ya dunia. Ni kazi ya kusifiwa. Ila jukwaani mchezaji ni fundi na mtazamaji ni mtazamaji.

Katika jimbo la Veracruz, kwenye pwani ya mashariki, upo mtindo mwingine uitwao son jarocho. Huko watu hukusanyika usiku kuzunguka sanduku la mbao liitwalo tarima. Wapigaji hupiga magitaa madogo, na wachezaji hupokezana kupanda juu ya ubao na kuupigapiga kwa viatu hadi ukawa ngoma kamili. Mgeni akijifunza hatua mbili tatu, hupanda naye. Akikosea mapigo kila mtu husikia, kwa kuwa miguu yake ndiyo ala. Hapo hana pa kujificha, na mwalimu yeyote anajua kuwa ufundishaji huanzia pale mwanafunzi anapokosa pa kujificha.

Muziki huo una damu ya Kihispania, ya wenyeji wa asili, na ya Afrika pia. Veracruz ilikuwa bandari ya kuteremshia watumwa. Katika milima ya jimbo hilo, mtumwa mtoro Gaspar Yanga aliongoza jamii ya watu huru, akapigana na Wahispania mwaka wa 1609, na mji uliotokana na mapambano hayo hadi leo unaitwa Yanga. Wameksiko wenye asili ya Afrika walisahauliwa kwa muda mrefu mno. Katika sensa ya mwaka wa 2020, watu zaidi ya milioni 2.5 walijitambulisha kuwa wa asili hiyo. Anayefundishwa mapigo ya tarima na kuelezwa yalikotoka, amefundishwa historia ambayo vitabu vingi viliiruka.

Nisije nikadhaniwa naipamba biashara hii kwa maua matupu. Zipo hatari. Utamaduni ukiwekewa bei, huweza kupunguzwa ili utoshe katika saa tatu za mtalii. Mwenye hoteli anaweza kuvuna noti, na mama mwenye ujuzi akaambulia ujira wa kibarua. Meksiko yenyewe iliona tatizo hilo, hata mwaka wa 2022 ikaanza kutumika sheria ya kulinda urithi wa kitamaduni wa jamii za wenyeji wa asili na za Wameksiko weusi dhidi ya wanaouchukua bila idhini. Lakini upo pia mfano mwema. Mwingereza Diana Kennedy, aliyefika huko mwaka wa 1957 na kufariki mwaka wa 2022, alitembea vijijini kwa miongo mingi akijifunza kwa wapishi, na katika vitabu vyake aliwataja kwa majina waliomfundisha. Kumtaja mwalimu ni adabu isiyogharimu chochote.

Je, sisi tuna nini cha kujifunza? Kwanza, katika utalii wetu. Mgeni anayeketi kutazama sengenya au isukuti kwa nusu saa huondoka na picha. Anayepewa mbuzi akakuna nazi, akatwanga kinuni, akafunzwa kutikisa mabega mpaka yakamkubali, huondoka na heshima. Nayo malipo yamfikie mama na fundi wa ngoma bila ya kupitia mikono saba.

Pili, na hili ndilo linalonikera zaidi, tusiwape wageni jembe hali watoto wetu wenyewe hatujawapa. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985 ulikuja na sayansi kimu, sanaa na ufundi. Masomo hayo yalipoacha kutahiniwa, yalikufa kifo cha kimya, kwani tulikuwa tumewazoesha watoto kuwa kisichotahiniwa hakina maana. Sasa Mtaala wa Umilisi umekuja na ahadi kwamba mwanafunzi atatenda. Lakini darasa lenye wanafunzi tele na jiko lisilokuwepo huifanya ahadi hiyo kuwa ya karatasini. Kutenda kunageuka kuwa mzigo wa mzazi wa kununua vifaa, na picha za kupigwa kama ushahidi.

Jambo hili halihitaji mamilioni. Katika kila kijiji kuna nyanya anayejua kuandaa muthokoi au kuchagua mboga za kienyeji, na mzee anayejua mapigo ya ngoma ya kwao. Mwalimu amwalike siku moja kwa muhula. Wanafunzi washike kinu, waulize kwa nini magadi huharakisha kuiva kwa mahindi na maharagwe, waandike majibu kwa Kiswahili sanifu, na chini ya insha waandike jina la aliyewafundisha. Humo mna sayansi, lugha, historia na adabu kwa pamoja.

Shime basi, walimu wenzangu. Mgeni wa Oaxaca anasafiri maelfu ya maili na kulipa fedha nyingi ili aketi miguuni pa bibi wa mtu mwingine. Mtoto wetu bibi anaye, nyumba ya pili. Asipofunzwa leo kwenda kumsikiliza, kesho tutamlipia nauli akajifunze kwa wengine, na huenda watakaomfundisha kutwanga wakawa ni hao hao wageni tuliowapa kiti.