Je, Wajua Silikoni Inayozidi Huishia Wapi?

Ukipita kwa mafundi wa pikipiki mjini Machakos, au pale Kyumbi njia ya mjini inapoachana na barabara ya Mombasa, hukosi kuona tyubu ya silikoni iliyofinywa hadi shingoni, imelala katikati ya spana. Ukiifungua, huenda ikakunukia siki. Silikoni ya aina hiyo ikikutana na unyevu wa hewani hutoa asidi ile ile iliyomo kwenye siki, na yenyewe ikaganda kuwa mpira.

Ni mpira wa ajabu kweli. Mwaka 1940 mkemia Eugene Rochow wa kampuni ya General Electric, Marekani, alipata njia rahisi ya kutengeneza malighafi yake, na mwaka 1969 Neil Armstrong alikanyaga mwezi kwa viatu vyenye soli za silikoni. Hustahimili joto la nyuzi 200 na zaidi, oili ya moto haiisumbui upesi, na bei yake fundi anaimudu. Ndiyo maana injini ikifunguliwa, wengi huipaka kila mahali, juu ya gasketi mpya na chini yake, wengine hata badala ya gasketi.

Hapo ndipo kosa linapoanzia. Gasketi si kizibo tu, ni kipuri chenye unene uliopimwa kiwandani. Ukiiondoa ile ya karatasi kati ya kesi mbili za injini ukaweka silikoni peke yake, kesi zinasogeleana kwa sehemu ya milimita. Kidogo hicho kinatosha kuzibana shafti za gia zikawa nzito kuzunguka. Ukifanya hivyo chini ya silinda, pistoni inakaribia hedi kuliko ilivyokusudiwa, na muda wa valvu kufunguka nao unasogea. Heri fundi anayekata gasketi yake mwenyewe: anaitandaza karatasi ya gasketi juu ya kesi, anagonga kingo taratibu kwa kichwa cha nyundo mpaka kila tundu lijikate. Mradi karatasi iwe na unene wa ile ya zamani, kazi hiyo ni ya kuheshimiwa.

Sasa ile inayozidi. Boliti zikikazwa, silikoni hubanwa ikatokea pande mbili. Ya nje unaiona, unaipangusa kwa kidole. Ya ndani inatokea vile vile, ila hakuna anayeiona. Inaganda ikining'inia kama mnyoo, kisha siku moja inakatika na kuzama kwenye oili. Injini ya silinda moja ya cc 100 au 150 hubeba takriban lita moja tu ya oili, na pampu huivuta kupitia kichujio cha wavu. Vipande vikijaa pale, oili inayovutwa inapungua. Kipande kikiupita wavu au kikizaliwa juu yake, kinaweza kukwama kwenye kijia chembamba kinachopandisha oili hadi kwenye hedi. Katika injini nyingi za aina hii, kijia hicho ni nafasi tu iliyoachwa kuzunguka mojawapo ya zile boliti ndefu za silinda. Kikiziba, kemushafti inazunguka kavu. Mwendeshaji anayepanda vilima vya Iveti kwa gia ndogo, na abiria na gunia nyuma, atasikia kelele juu ya injini kabla hajajua kwamba chuma kinalika.

Gasketi ya hedi yenyewe isiguswe na silikoni kabisa. Moto wa ndani ya silinda hupita nyuzi 2,000, na presha yake ni mara nyingi ile ya hewa tunayovuta.

Je, ina mahali pake? Inapo, na ni padogo. Pale kesi mbili zinapokutana chini ya silinda, gasketi ya silinda hupita juu ya mshono wao. Tone dogo hapo, kila upande, huzuia uvujaji ambao gasketi peke yake haiuwezi. Mahali pengine ni kwenye kile kimpira ambamo nyaya za maginito hutokea kifunikoni. Kwingineko, nyuso zikiwa zimekwanguliwa vizuri na kusafishwa kwa petroli hadi zikauke, gasketi mpya inatosha. Ukiipaka grisi kidogo, haitapasuka siku ya kufunguliwa tena.

Ipo pia dawa ya kuziba yenye tabia tofauti, aliyoibuni profesa Vernon Krieble huko Hartford, Marekani, mwaka 1953. Hiyo huganda ikinyimwa hewa katikati ya vyuma, na ile inayozidi hubaki majimaji, ikaondoka na oili. Inafaa mishono iliyosanifiwa kutotumia gasketi.

Kinachobaki ni muda, na hapa nawahurumia fundi na mteja wake, wote wawili. Mwenye boda ana mkopo wa kulipa kila siku, anaitaka pikipiki kabla ya jioni. Silikoni hufanya ngozi ya juu ndani ya dakika chache, lakini huganda kwenda ndani milimita mbili au tatu kwa saa 24, tena polepole zaidi miezi ya kiangazi hewa ikiwa kavu. Fundi mwema humwambia mteja asubuhi, kabla ya kufungua boliti ya kwanza, kwamba pikipiki italala gereji.